Kadi Yake Haikuwapo: Chanjo Tuliyowaachia Akina Mama Peke Yao

Ilikuwa Jumamosi ya msaragambo. Waumini wa mtaa mmoja wa mwambao walikusanyika baada ya sala ya Alfajiri kuezua paa kuukuu la madrasa ili wapandishe jipya. Miongoni mwao alikuwamo mzee wetu mmoja, fundi seremala, mtu wa safu ya mbele msikitini, ambaye hakuna kazi ya kheri iliyomkosa. Adhuhuri ilipokaribia alikanyaga ubao uliokuwa na msumari. Msumari ulipenya ndala ukaingia unyayoni. Akauchomoa, akacheka, akamiminia mafuta ya taa, akafunga kitambaa na kuendelea na kazi. Jeraha lenyewe halikuzidi punje ya mtama.

Siku ya nane aliamka akashindwa kufungua kinywa ili anywe uji. Watu wa nyumbani walidhani ni jino. Jioni shingo ilikakamaa, na usiku mlango ulipobamizwa na upepo mwili wake wote ulijikunja kama upinde. Alifikishwa hospitalini, na waganga walifanya waliloweza. Akili yake ilikuwa timamu muda wote. Alisikia kila kitu na kuhisi kila kitu. Siku ya tano alirejea kwa Mola wake.

Tulipokwenda kuhani, mjane wake aliyekuwa katika eda alituletea maneno kwa kinywa cha binti yake. Alisema: "Mimi nimezaa watoto sita, na katika uzazi wangu nimechomwa sindano za pepopunda mpaka nikaambiwa zimetosha. Kadi zangu zote zimo kabatini. Yeye ndiye aliyekuwa akinisindikiza kliniki, akikaa nje kwenye benchi kunisubiri. Hakuna siku aliyoambiwa naye aingie ndani."

Maneno hayo hatukuyasahau. Tulirudi ofisini tukaulizana sisi wenyewe, wanaume tunaoandika kurasa hizi: ni lini mara ya mwisho ulichanjwa pepopunda? Mmoja alikumbuka alipopata ajali ya pikipiki. Waliobaki walitazamana. Tangu utotoni, kwenye mapaja ya mama zetu, hatukuwa na la kusema. Ndipo tulipoona kwamba jambo hili linastahiki nafasi katika ukurasa wa familia.

UGONJWA UNAOISHI UDONGONI

Pepopunda husababishwa na bakteria ambao vijimbegu vyake hukaa katika udongo, vumbi na kinyesi cha wanyama. Vijimbegu hivyo vina ganda gumu. Jua kali havilijali, na huweza kudumu udongoni miaka mingi. Watu wengi hudhani kwamba kutu ndiyo inayoleta pepopunda. Kutu yenyewe haina kosa. Msumari huleta maradhi kwa sababu umelala mchangani na kwa sababu huchimba jeraha jembamba na refu, mahali pasipofikiwa na hewa. Huko ndani, penye giza na pasipo hewa, kijimbegu huamka na kutoa sumu. Sumu hiyo hupanda kwa njia ya mishipa ya fahamu na kuifanya misuli ikaze bila ya kulegea. Dalili aghalabu huanza baina ya siku ya tatu na siku ya ishirini na moja tangu kuumia. Mwiba, jembe, kwato la ng'ombe, kisu cha machinjoni, mfupa wa samaki, vyote vyaweza kufanya kazi ya msumari.

Yapo mambo mawili kuhusu pepopunda yanayoitenga na maradhi mengine, na kila familia inapaswa kuyajua.

La kwanza, pepopunda haiambukizi kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu. Huenda hili likasikika kama habari njema, lakini ndani yake mna onyo. Surua ikichanjwa kwa wengi, hata yule mmoja asiyechanjwa hupata kivuli, kwa kuwa maradhi hayana njia ya kumfikia. Katika pepopunda hakuna kivuli cha namna hiyo. Mtaa mzima waweza kuwa umechanjwa, na wewe uliyebaki ukawa hatarini kama ungeishi peke yako, maana adui yako hatoki kwa jirani. Yumo katika ardhi uikanyagayo.

La pili, aliyeugua pepopunda akapona hapati kinga kwa kuugua kwake. Sumu ile ni kali kiasi kwamba kiasi kidogo kinachotosha kuua hakitoshi kuufundisha mwili kujilinda. Kwa hiyo hata aliyenusurika hana budi kuchanjwa. Kinga ya pepopunda haipatikani kwa njia nyingine isipokuwa chanjo.

Elimu hii si ya jana. Mwaka 1890 mjini Berlin, Emil von Behring wa Ujerumani na Kitasato Shibasaburo wa Japani walionyesha kwamba damu ya mnyama aliyezoeshwa sumu ya pepopunda au ya dondakoo huweza kumkinga mwingine. Katika miaka ya 1920 Gaston Ramon wa Ufaransa alipata njia ya kuivunja makali sumu hizo ili ziufunze mwili bila ya kuudhuru. Sindano tunayochomwa leo imejengwa juu ya msingi huo: ni sumu iliyokwisha kung'olewa meno.

SIKU YA SABA

Kwa nini basi sindano hii ikawa ya wanawake? Jibu lake lina heshima, na tunapenda lijulikane kabla ya kulalamika.

Mtoto wa Kiislamu akifikisha siku ya saba hunyolewa nywele, hupewa jina na huchinjiwa akika. Ni siku ya furaha. Lakini wazee wetu waliijua siku hiyo kwa sura nyingine pia. Pepopunda ya watoto wachanga aghalabu hujitokeza katika wiki ya kwanza au ya pili ya maisha, na mara nyingi ni karibu na siku hiyohiyo ya saba. Mtoto aliyekuwa akinyonya vizuri huacha kunyonya, midomo yake hukaza, na mwili hukakamaa. Watu walisema amepagawa na shetani au ameingiwa na ndege mbaya. Ukweli ni kwamba kitovu kilikatwa kwa wembe usio safi, au kilipakwa majivu, udongo au samadi kwa kudhaniwa kuwa ni dawa. Mbuzi wa akika akawa ndiye wa hitima.

Mwaka 1988 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watoto wachanga 787,000 walikufa kwa pepopunda duniani katika mwaka huo mmoja. Kufikia mwaka 2018 makadirio yalikuwa yameshuka hadi watoto 25,000. Mporomoko huo haukuja wenyewe. Uliletwa na mambo mawili: uzazi ulio safi, na mama waliochanjwa. Mama akichanjwa, kinga yake humpitia mtoto tumboni, hivyo mtoto huzaliwa akiwa amevikwa ngao. Burundi ilithibitishwa kuwa imeitokomeza pepopunda ya uzazi kama tishio la afya ya jamii mwaka 2009, Uganda 2011, Tanzania 2012 na Kenya 2018.

Tuelewe vizuri neno kutokomeza. Maana yake hapa ni kwamba katika kila wilaya wagonjwa hawafikii mtoto mmoja katika kila vizazi hai elfu moja. Haina maana kwamba vijimbegu vimekwisha, kwa kuwa udongo hauchanjwi. Siku mama wakiacha kwenda kliniki, siku ya saba itarejea katika sura yake ya kale. Na inatuumiza kuona kwamba miongoni mwa nchi zilizochelewa zaidi kuvuka mstari huo zimo Somalia, Yemen, Sudan na Afghanistan, nchi za ndugu zetu zilizochomwa na vita.

Hapa tuna la kusema na wale wanaowatahiri watoto wao wakiwa wachanga, siku ya saba au karibu yake. Chanjo ya kwanza ya mtoto inayobeba pepopunda hutolewa anapofikisha wiki sita. Kwa hiyo mtoto anayetahiriwa kabla ya hapo, kitovu chake na jeraha lake la khitani vinalindwa na kitu kimoja tu mbali na usafi: kinga aliyopewa na mama yake. Baba anayeandaa akika na khitani, na hajawahi kuuliza kama kadi ya mkewe imetimia, ameandaa karamu akasahau mlango wazi.

MTOTO WA KIUME AMESAHAULIWA WAPI?

Sasa tuufuate mwendo wa mtoto wa kiume. Anazaliwa na ngao ya mama. Katika wiki ya sita, ya kumi na ya kumi na nne anachanjwa chanjo ya penta, ambayo hukinga maradhi matano: dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini aina ya B, na bakteria aina ya Hib wanaoleta kichomi na homa ya uti wa mgongo. Mpaka hapo yeye na dada yake wako sawa. Kisha njia zao huachana. Dada yake akikua na kushika mimba atakutana tena na sindano ya pepopunda, na akizifuata zote atapata dozi tano. Yeye, kijana wa kiume, aghalabu hatakutana nayo tena maisha yake yote, isipokuwa siku atakayoumia na kupelekwa hospitalini na mwenye busara.

Na kinga ya dozi tatu za utotoni haidumu milele. Hufifia mwaka baada ya mwaka, kama rangi ya ukuta unaopigwa na mvua. Mwili huwa bado unaikumbuka sumu ile kwa mbali, lakini unahitaji kukumbushwa. Hiyo ndiyo maana ya dozi ya nyongeza: ni kuukumbusha mwili somo uliokwisha kulisoma kabla haujalisahau.

Kwa sababu hiyo, mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila mtu, mwanamume na mwanamke, apate dozi sita za pepopunda kabla ya kuvuka ujana. Tatu ni zile za uchanga. Ya nne hutolewa katika mwaka wa pili wa maisha, ya tano baina ya miaka 4 na 7, na ya sita baina ya miaka 9 na 15. Shirika hilo lilipendekeza pia kwamba sindano ya pepopunda pekee iachwe na nafasi yake ichukuliwe na ile inayochanganya pepopunda na dondakoo, iitwayo Td. Si kila nchi ya ukanda wetu iliyokwisha kuziingiza dozi hizo zote katika ratiba ya watoto wote. Ndiyo maana mzazi hapaswi kungoja aitwe. Anapaswa kwenda kuuliza.

Wasaa ulio bora kuliko wote wa kuuliza ni wakati wa jando. Familia nyingi huwatahiri wavulana wakiwa na umri wa miaka mitano, saba au kumi, hasa shule zinapofungwa mwezi Disemba. Huo ni umri uleule ambao kinga ya uchanga imepungua. Suala hili si la kubuni. Nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika zilipoanzisha mpango mkubwa wa tohara ya hiari ya kitabibu, vilijitokeza visa vichache vya pepopunda miongoni mwa waliotahiriwa, na mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani likaitisha kikao cha wataalamu mjini Geneva kulitazama jambo hilo. Visa vilikuwa vichache sana ukilinganisha na mamilioni waliotahiriwa kwa usalama, lakini vilifichua pengo tulilolieleza: wanaume wa nchi zetu hawana kinga waliyo nayo wake zao.

Ikiwa hali ni hiyo penye mkasi uliochemshwa na mganga aliyevaa glavu, seuze penye kisu cha ngariba na jeraha linalopakwa majani na majivu. Hatuwadharau mangariba wetu. Wengi wao wamebeba amana ya sunna hii kwa vizazi. Tunasema tu kwamba khitani ni sunna ya usafi, na usafi wake unaanzia wiki kadhaa kabla ya kisu. Mvulana ambaye hana kumbukumbu yoyote ya chanjo huhitaji dozi mbili zenye mwezi mmoja baina yake, kisha angalau wiki mbili ndipo atahiriwe. Kwa hesabu hiyo mzazi aanze kushughulika mwezi na nusu kabla ya siku ya sherehe, wakati uleule anaoanza kuhesabu gharama za pilau.

DONDAKOO NA KIFADURO HAYAJAONDOKA

Tumezungumzia zaidi pepopunda, lakini wenziwe wawili wa sindano hiyo nao wana lao.

Dondakoo ni bakteria wanaotengeneza utando mzito wa kijivu kooni mpaka mtoto akose pumzi, na sumu yao huudhuru moyo. Hata penye matibabu, kati ya wagonjwa 100 hufa watano hadi kumi. Kizazi chetu kilidhani ugonjwa huu umebaki vitabuni. Kisha mwishoni mwa mwaka 2017 ukalipuka katika kambi za ndugu zetu Warohingya huko Cox's Bazar, Bangladesh, na mwaka huohuo Yemen. Mwezi Disemba 2022 ukaripotiwa Nigeria, na katika mwaka 2023 ukawa na maelfu ya wagonjwa na mamia ya vifo, wengi wao wakiwa katika jimbo la Kano, jimbo la Waislamu. Wengi waliougua walikuwa watoto ambao hawakuchanjwa au hawakutimiza chanjo. Dawa ya kuivunja sumu ya dondakoo, ambayo hutengenezwa kwa damu ya farasi, ni adimu duniani kote; hospitali nyingi hazinayo. Chanjo ipo kila zahanati, dawa haipo. Mwenye akili achague.

Kifaduro kina hila ya aina nyingine. Mtu mzima hukohoa mwezi mzima na zaidi, akanywa tangawizi na asali, akasema ni vumbi la kaskazi. Kisha akambeba mjukuu wake wa wiki tatu akambusu. Kitoto kichanga hakina nguvu ya kukohoa. Mara nyingine huacha tu kupumua na kugeuka rangi. Kwa kuwa dozi ya kwanza ni wiki ya sita, wiki zilizotangulia ni za hatari. Ndugu zetu walioko Uingereza wanaijua habari hii: huko mama wajawazito hupewa chanjo ya nyongeza ya kifaduro tangu mwaka 2012, ili mtoto azaliwe na kinga. Hata hivyo, kifaduro kilipoenea tena mwaka 2024, watoto wachanga 11 walikufa kwacho England. Mwanamke wa Kiswahili anayeishi London au Chicago na akaambiwa na mkunga wake kuhusu sindano hiyo, asiikimbie.

Kwetu, ambako chanjo ya nyongeza ya kifaduro kwa watu wazima haipatikani katika zahanati za kawaida, lililo mikononi mwetu ni haya: mtoto apate penta katika wiki ya sita bila ya kuchelewa hata wiki moja, na mwenye kikohozi, hata akiwa bibi mzaa baba, asikaribishwe kwenye kitanda cha mzazi. Kumzuia bibi si kumvunjia heshima. Ni kumwepusha na majuto.

SHAKA ZINAZOTURUDISHA NYUMA

Hatuwezi kuandika habari ya chanjo tukajifanya hatuzisikii shaka za wasomaji wetu. Tuzikabili.

Shaka ya kwanza: mbona zamani walikuwa wanachomwa wanawake tu, tena wa umri wa kuzaa? Je, si hila ya kupunguza uzazi? Swali hili liliwasha moto mkubwa nchini Kenya mwaka 2014, pale maaskofu wa Kanisa Katoliki walipodai kwamba chanjo ya pepopunda imetiwa kitu cha kuzuia mimba. Serikali na mashirika ya afya yalikanusha. Nasi tunasema: aangalie kila mmoja wetu nyumbani kwake. Mama zetu na wake zetu wamechomwa sindano hii mimba baada ya mimba, na watoto wanaendelea kuzaliwa. Wanawake walichaguliwa kwa sababu ya yule mtoto wa siku ya saba. Lakini tukiri kwamba kuwachanja wanawake peke yao ndiko kulikozaa shaka, na dawa yake ni wanaume nao kukunja mikono ya mashati.

Shaka ya pili: je, ni halali? Chanjo nyingi za Td zinazotumika Afrika hutoka India na Indonesia. Kiwanda cha Bio Farma cha mjini Bandung ni mali ya serikali ya Indonesia, nchi yenye Waislamu wengi kuliko nyingi duniani. Ama kuhusu vitu vyenye asili ya haramu katika dawa kwa jumla, wanazuoni na matabibu walikutana Kuwait mwaka 1995 wakakubaliana kwamba kitu kikibadilika dhati yake kikawa kitu kingine, hukumu yake nayo hubadilika. Juu ya hilo ipo kanuni ya dharura na kulinda nafsi, ambayo ni miongoni mwa makusudio makuu ya sharia.

Shaka ya tatu: sindano hufunguza? Mwaka 1997 Baraza la Fiqhi la Kimataifa lililo chini ya jumuiya ya nchi za Kiislamu lilikutana Jeddah, likaeleza kwamba sindano ya tiba ya misuli au ya ngozi, isiyokuwa ya lishe, haiharibu swaumu. Hivyo Ramadhani si udhuru wa kumkosesha mtoto au mjamzito tarehe yake. Mwenye kuona uzito na aulize shekhe wake, lakini aulize kabla ya tarehe kupita.

Shaka ya nne ni ile isiyosemwa kwa sauti: ajali ni kadari, kwa nini tujisumbue? Sote tunaijua hadithi ya Bedui aliyemuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu ngamia wake, akafunzwa kwamba amfunge kwanza ndipo atawakali. Na Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tutafute tiba. Yule mzee wetu alitawakali kwa moyo wake wote. Sisi, jamaa zake na majirani zake, ndio tuliomwacha na ngamia asiyefungwa.

LILILO MKONONI MWETU

Tunapendekeza kila nyumba ifanye mambo haya, na mengi hayataki zaidi ya asubuhi moja.

Kwanza, kadi za chanjo za watu wote wa nyumba ziwekwe pamoja, mahali zinapowekwa hati ya nyumba na cheti cha ndoa. Kadi ya mtoto isitupwe anapoanza shule. Inahitajika akiwa na miaka minne, akiwa na tisa, na akiwa na thelathini.

Pili, baba anayemsindikiza mkewe kliniki asiishie kwenye benchi. Aingie, aulize chanjo yake mwenyewe. Mtu mzima ambaye hakuwahi kuchanjwa, au asiyejua, huanza upya: dozi ya kwanza, ya pili baada ya wiki nne, ya tatu baada ya miezi sita, kisha mbili za nyongeza zinazopishana angalau mwaka mmoja mmoja. Wakulima, wafugaji, wavuvi, mafundi na wauza nyama wawe wa mwanzo.

Tatu, anayeumia aoshe jeraha papo hapo kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kisha aende zahanati siku hiyohiyo. Mafuta ya taa, majivu, tumbaku na samadi si dawa. Jeraha likiwa chafu au la kuchoma, na imepita miaka mitano tangu dozi ya mwisho, huhitajika nyongeza. Asiyekuwa na chanjo kabisa aweza kuhitaji pia sindano ya kinga iliyo tayari, kwa kuwa chanjo hukawia kujenga kinga.

Nne, anayenuia Hija au Umra asiishie kwenye chanjo ya homa ya uti wa mgongo, ambayo mamlaka za Saudia huifanya sharti. Huwashauri mahujaji pia wawe wamekamilisha chanjo zao za kawaida, zikiwamo za dondakoo, pepopunda na kifaduro. Mkusanyiko wa mamilioni si mahali pa kwenda na kinga iliyochakaa.

Tano, misikiti na madrasa. Walimu wa madrasa wanawajua watoto wetu kwa majina na umri. Imamu akitangaza baada ya sala ya Ijumaa kwamba msimu wa jando unakaribia na kila mzazi atazame kadi, atakuwa amefanya kazi ambayo vipeperushi elfu haviwezi. Na kamati inayoita msaragambo iweke sabuni, maji na mtu wa kumpeleka majeruhi zahanati, pamoja na misumari na mbao.

Paa la madrasa ile lilikamilika. Watoto wanasoma chini yake, na kila herufi wanayoisoma tunamwomba Allah (s.w.) amwandikie ujira yule aliyelipandisha. Wanawe watatu wa kiume wanasoma humo. Juma lililopita mama yao, ambaye sasa ametoka eda, aliwachukua wote watatu akaenda nao zahanati, akamwambia muuguzi kwamba hakuja kwa ajili yake. Walirudi na kadi tatu mpya. Ameziweka kabatini, juu ya zile zake.